Tunataka kuunda ndege kama Planet Satellite: tuendelee au tuache?

“Shikamoo mhandisi. Nasoma uhandisi mitambo mwaka wa tatu, kwetu ni Tanga. Mimi na wenzangu wawili tumechora ndege ya mtu mmoja tukifuata Planet Satellite, ile ya Waingereza ya 1948: bodi kama tone la maji, mkia wa V, injini katikati, propela nyuma kabisa. Injini tunayo, ya Volkswagen ya zamani. Tumesoma kwamba Satellite ilitangulia mno wakati wake, ikauawa na wakubwa wa serikali waliomwonea wivu aliyeibuni. Mwalimu wetu yeye anasema tuiache kwa sababu ilikuwa ya magnesiamu, na magnesiamu inawaka kama kiberiti. Tumeshapata mtu wa kutuuzia mabati ya magnesiamu, na baba yangu mdogo ameahidi kutoa pesa tukipata baraka za mtaalamu. Ndege ile iliharibikia wapi hasa? Na sisi tuendelee, au tutapoteza pesa za mzee bure?”

Marahaba, kijana wangu. Nianze na pesa za baba mdogo, maana zikishatoka hazirudi: asinunue hata bati moja kwa sasa. Sikukatazi kuunda ndege. Nakukataza kuunda hii, kwa mpangilio huu, ikiwa ndiyo ya kwanza mikononi mwenu. Sababu zangu si zile za mwalimu wako, na hadithi ya wivu mliyoisoma siikubali, kwa hiyo twende taratibu.

Kwanza ndege yenyewe, kwa wasomaji ambao hawajawahi kuisikia. Planet Satellite ilitengenezwa Croydon, kusini mwa London, miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili. Aliyeibuni ni Meja J. N. Dundas Heenan. Ilikuwa na viti vinne, mabawa na bodi vya aloi ya magnesiamu, magurudumu matatu yanayokunjwa ndani, mkia wa V, na injini ya de Havilland Gipsy Queen ya nguvu za farasi 250 iliyofichwa nyuma ya abiria. Kutoka kwenye injini shafti ndefu ilipita hadi ncha ya mkia kuzungusha propela. Makadirio ya kwenye karatasi yaliahidi mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Septemba 1948 ilipelekwa kwenye maonyesho ya ndege ya Farnborough, ikakaa chini ikitazamwa. Hata leo ukiiona kwenye picha inapendeza kweli, sikatai.

Mwaka 1949, kwenye uwanja wa Blackbushe, alikabidhiwa rubani H. J. Wilson, yule yule aliyeweka rekodi ya dunia ya mwendo wa ndege Novemba 1945 kwa Gloster Meteor, karibu kilomita 975 kwa saa. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Mara ya kwanza ndege ilinyanyuka kidogo tu, ikagusa chini, miguu ikasalimu amri. Ikatengenezwa. Mara ya pili ilipanda futi 20 hivi, yaani kama mita 6, ikatua. Baada ya kutua huko wakakuta mkuku, ule mhimili unaopita chini ya bodi kutoka mbele kwenda nyuma, umepata ufa. Hesabu za nguvu zikarudiwa, zikaonyesha kwamba kiraka hakitasaidia: ndege nzima ilipaswa kusanifiwa upya. Mradi ukaishia hapo. Bodi ya kwanza ilikaa stoo Redhill mpaka ikavunjwa 1958. Ya pili ilichukuliwa na watu waliotaka kuigeuza helikopta, nayo haikuruka.

Sasa niambie, wivu umeingilia wapi? Ndege iliyopasuka mkuku baada ya kupanda urefu wa paa la nyumba haihitaji adui. Nakubali kwamba wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Petroli ilikuwa ya mgawo, jeshi lilikuwa linauza ndege ndogo zilizobaki vitani kwa bei ya chini, na Miles, kampuni yenye jina kuliko Planet, ilianguka kifedha 1947. Hata Satellite ingeruka salama, kuiuza kungekuwa kazi. Ila hayo ni mambo ya sokoni. Ufa ule ulitokana na hesabu na madini, na huko ndiko mnakoelekea ninyi.

Tuje kwenye magnesiamu. Mwalimu wako amesema kweli nusu. Kinachowaka upesi ni vumbi lake, nyuzi zinazotoka kwenye mashine ya kukereza, na karatasi nyembamba sana. Kipande kinene hupitisha joto haraka na kulisambaza, kwa hiyo hakishiki moto mpaka kikaribie kuyeyuka, na kiwango chake cha kuyeyuka ni kama nyuzi 650 za Selsiasi. Injini yenyewe mliyonayo ya Volkswagen ina kasha la krenki la aloi ya magnesiamu, na magari hayo yametembea barabara za Tanga miaka nenda miaka rudi. Hatari iko karakana: fundi anapiga msasa, vumbi linajikusanya chini ya meza, cheche ya grainda inadondoka, mtu anakimbilia ndoo ya maji. Usimwagie maji. Magnesiamu inayowaka huvunja maji na kutoa haidrojeni, na hapo ndipo moto unapolipuka usoni. Mchanga mkavu, tena mkavu kabisa, ndio unaomwagwa.

Kwa nini basi Heenan aliichagua? Hapa kuna hesabu nzuri ambayo mwaka wa tatu unaiweza. Magnesiamu ina uzito wa gramu 1.74 kwa sentimita ya ujazo, aluminiamu 2.7. Kwa uzito uleule, bati la magnesiamu linakuwa nene zaidi, mara 1.55 hivi. Ni laini kuliko aluminiamu, kipimo chake cha kunyumbuka ni 45 dhidi ya 70, lakini ukakamavu wa bati dhidi ya kupinda unakwenda na unene kwa kipeo cha tatu. Fanya hesabu: 1.55 kwa kipeo cha tatu, zidisha na 0.64, unapata karibu 2.4. Yaani kwa kilo zilezile bati lako linakataa kukunjamana zaidi ya mara mbili. Mhandisi akiona namba hiyo anajiuliza: mbavu zote zile za ndani ni za nini? Si bati lijishikilie lenyewe? Vipande vinapungua, ribiti zinapungua, kazi inakwenda upesi, bei inashuka. Miaka ile kiwanda cha Magnesium Elektron, karibu na Manchester, kilikuwa na aloi mpya zenye zirkoniamu, ambayo huzifanya punje za madini kuwa ndogo na imara zaidi. Wazo halikuwa la kipuuzi.

Umekulia Tanga, bila shaka umeona jahazi likikarabatiwa ufukweni. Bahari inapiga ubao, lakini ubao haubaki na pigo lile peke yake: unalikabidhi kwenye mataruma, mataruma yanalipeleka kwenye mkuku, na mlingoti nao una kiti chake juu ya mkuku huohuo. Ndege ni vilevile. Kila nguvu inayoingia lazima iwe na njia ya kupita hadi itawanyike. Bati nene linalojishikilia lenyewe ni zuri sana kwa nguvu zilizotandazwa, kama za upepo. Kwa nguvu inayoingia sehemu moja, kama mguu wa gurudumu, bati pekee halitoshi. Halafu kila unapokata bati, kwa mlango, kwa kifuniko cha injini, kwa shimo la kukunjia gurudumu, unakata njia ile, na nguvu inalazimika kuzunguka na kurundikana kwenye pembe. Ndege ya viti vinne yenye injini tumboni na miguu inayokunjwa ina mashimo mengi, na mengi yako chini, karibu na mkuku.

Pigo la kutua lenyewe ni kubwa kiasi gani? Chukua ndege yoyote inayoshuka kwa mita 2 kwa sekunde, kutua kwa mwanafunzi wa kawaida. Kama mguu wenye springi na mafuta unazama sentimita 15, basi kwa uchache ndege inapunguzwa mwendo kwa nguvu ya mara 1.4 ya uzito wake. Kwa kuwa hakuna mguu mkamilifu, hesabu mara mbili ya hapo. Mguu ukigoma, au ukazama mara moja ukafika mwisho, na kinachobaki kunesa ni bodi kwa sentimita 2, nguvu inapanda hadi mara 10 ya uzito. Mchoro mlionitumia una magurudumu mazuri ya kupigia picha. Sijaona hata mstari mmoja unaoonyesha boliti ya mguu inashikwa na nini, na hicho kinachoishika kinashikwa na nini. Ningeanza hapo kabla ya kuchora pua.

Kuna jambo jingine kuhusu magnesiamu ambalo kwa Tanga ni zito kuliko moto: kutu. Miongoni mwa madini ya kuundia vitu, magnesiamu ndiyo inayoliwa mapema zaidi. Ikigusana na chuma, shaba au hata aluminiamu, na unyevu wa chumvi ukawepo, unakuwa umetengeneza betri, na magnesiamu ndiyo upande unaoyeyuka. Ndege ndogo za Kimarekani za Beechcraft Bonanza zenye mkia wa V zina mabati ya magnesiamu kwenye sehemu zinazocheza za mkia, na ndege hizo zikikaa pwani utaona ninachosema. Karibu na skrubu rangi inafura kidogo, uvimbe usiozidi punje ya choroko. Ukiubonyeza kwa kucha, rangi inabanduka na chini yake unakuta unga mweupe wa kijivu. Futa unga, kuna shimo. Mara nyingi shimo limeshatokea upande wa pili, na kwa miaka mingi sehemu hizo za kubadilisha zilikuwa adimu na ghali kiasi kwamba wenye ndege hizo walizitafuta dunia nzima. Hizo zilitengenezwa kiwandani, zikapigwa dawa na rangi kwa utaratibu. Lenu litapigwa rangi chini ya mwembe.

Tena bati la magnesiamu halikunjwi likiwa baridi. Punje zake zimepangwa kwa umbo la pembe sita, na kwenye joto la kawaida zina njia chache za kuteleza. Ukilazimisha, linapasuka kwenye kona, wakati mwingine kwa nyufa usizoziona kwa macho. Inatakiwa lipashwe nyuzi 200 hadi 300 hivi, kwa kipimo. Umbo la tone la maji linajipinda pande mbili kwa wakati mmoja, na hilo ndilo umbo gumu kuliko yote kulitengeneza kwa bati. Na huyo muuzaji, ana karatasi ya kiwandani inayotaja aloi, namba ya kundi na hali ya bati? Kama hana, bati lake libaki kwake.

Injini katikati na shafti ndefu ni shida nyingine kabisa, nayo ndiyo inayowadanganya wengi kwa sababu kwenye karatasi ni mstari mmoja tu ulionyooka. Injini ya pistoni haizungushi, inasukumasukuma. Gipsy Queen ya silinda sita ilikuwa inasukuma mara 3 kwa kila mzunguko. Ya kwenu ya silinda nne inasukuma mara 2, kwa hiyo kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika ni misukumo 100 kila sekunde. Mwisho wa shafti kuna propela nzito isiyotaka kubadili mwendo. Shafti katikati yao inajinyonga na kujinyongoa kama springi. Misukumo ikikutana na mdundo wa asili wa springi hiyo, mnyongo unaongezeka kila sekunde mpaka kiungo kinakatika, na unaweza usisikie chochote ndani ya chumba cha rubani hadi dakika ya kukatika. Ndege ya kivita Bell P-39 ya Marekani wakati wa vita ilikuwa na shafti ndefu ikafanya kazi, lakini nyuma yake kulikuwa na kiwanda kizima na injini ya V12, yaani ya silinda 12, inayozunguka laini. Molt Taylor, naye Mmarekani, kwenye gari lake lenye mabawa la Aerocar, alilazimika kuweka klachi maalumu ya kumeza misukumo hiyo. Huko ndiko kulikokula muda wake.

Halafu joto. Propela ya mbele inaipulizia injini upepo hata ndege ikiwa imesimama. Ya nyuma haipulizi kitu mbele. Injini ya Volkswagen inapozwa kwa hewa; ndani ya gari ina feni na mabati ya kuelekeza upepo, ambayo watu wa ndege huyaondoa ili kupunguza uzito. Ukiizika tumboni Tanga mwezi Februari ukasubiri zamu ya kuruka, itaiva kabla hujaruka.

Kuhusu mkia wa V nitakuwa mfupi. Unafanya kazi, Bonanza iliruka mara ya kwanza Desemba 1945 na mkia wa aina hiyo uliendelea kutengenezwa hadi 1982. Lakini haupunguzi eneo kama mnavyodhani, maana vipande viwili vinafanya kazi ya vitatu, kwa hiyo vinakuwa vikubwa. Ukikanyaga pedali, kimoja kinasukuma juu na kingine chini, bodi ya nyuma inanyongwa. Bonanza zenyewe zilikuwa na historia ya mikia kuvunjika angani zikipitiliza mwendo, hadi miaka ya 1980 ilipoamriwa kuongezwa vishikizo kwenye mizizi ya mkia. Hayo yalitokea kwa kampuni yenye wahandisi wengi na ndege elfu nyingi za kujifunzia.

Mnaona ninakoelekea. Bonanza na Satellite zilikuwa za kizazi kimoja, zote na viti vinne, zote na mkia wa V, zote na magurudumu ya kukunja. Kampuni ya Beech, iliyounda Bonanza, ilibadilisha mkia, kilichobaki ikakifanya kwa njia iliyozoeleka: aluminiamu, mbavu, injini puani. Heenan alibadilisha madini, namna ya kujenga bodi, mahali pa injini, mahali pa propela na mkia, vyote kwenye ndege moja, kampuni changa, pesa za watu. Ndege kama hiyo ikipata ufa hujui umlaumu nani. Na si kwamba umbo lile lilikuwa limelaaniwa. Miaka 30 baadaye kampuni ya LearFan ilirudi na bodi ya tone, mkia wa Y na propela nyuma, safari hii kwa nyuzi za kaboni, kiwanda kikiwa Ireland ya Kaskazini kwa msaada wa serikali ya Uingereza. Iliruka siku ya mwaka mpya 1981, na kwa kuwa fedha zilitegemea iruke ndani ya 1980, tarehe ikaandikwa 32 Desemba. Ilipaa vizuri tu. Zikaundwa tatu, cheti hakikupatikana, na 1985 kampuni ikafungwa.

Sasa mfanye nini. Kama hamu yenu ni kuruka, nunueni ramani za ndege iliyokwisha kuthibitishwa kwa injini hiyohiyo: Evans VP-1 ya mbao, au Druine Turbulent. Nakutajia Turbulent makusudi. Miaka kumi hivi baada ya Satellite, Croydon hukohuko, kampuni ya Rollason ilikuwa inaziunda: mbao, kitambaa, kiti kimoja, injini iliyotokana na Volkswagen. Hata Prince Philip aliirusha moja. Haivutii macho kama tone la maji, lakini nyingine zinaruka hadi leo. Mbao nazo zina masharti yake pwani, gundi na unyevu, ila ni masharti ambayo fundi seremala mzuri anayaelewa.

Kama hamu yenu ni uhandisi wenyewe, na nahisi ndiyo, basi chukueni kitu kimoja tu cha Satellite mkifanye chini, bila mtu ndani. Fungeni injini kwenye fremu ya chuma iliyochimbiwa, wekeni shafti, wekeni uzito wa mviringo badala ya propela, zungushieni ukuta wa mifuko ya mchanga, na mpime mnyongo kwenye kila mwendo wa injini. Huo ni mradi wa mwaka wa mwisho ambao msimamizi yeyote atausoma kwa makini. Au tengenezeni kipande cha bodi cha mita moja kwa aluminiamu, chenye tundu la gurudumu, mkipakie mchanga mpaka kivunjike, mkilinganishe na hesabu zenu. Pesa ya baba mdogo inatosha kwa mojawapo, na chenji inabaki.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kuyafanya kwa kuandika. Mkichagua kuunda ndege ya kupanda mtu, nendeni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, kabla ya kukata ubao wa kwanza. Waulizeni masharti ya ndege ya kujitengenezea, usajili na kibali cha majaribio, kwa sababu mkaguzi anataka kuona viungo kabla havijafunikwa. Tafuteni mhandisi wa matengenezo ya ndege mwenye leseni akubali kuwa anapita kukagua; wahadhiri wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo wanaweza kuwaelekeza kwa mtu. Na atakayekaa kwenye kiti siku ya kwanza awe rubani mwenye leseni na uzoefu wa ndege nyepesi zenye tabia hiyo. Asiwe mmoja wenu mwenye ujasiri kuliko wengine. Injini nayo, hata kama inanguruma vizuri, ifunguliwe yote na krenki ipimwe nyufa na mtu mwenye vifaa. Usiridhike na fundi wa gari anayeisikiliza kwa sikio.

Mkishaamua, nitumieni mchoro mpya. Safari hii nataka ukurasa mmoja tu: mguu wa gurudumu, boliti zake, na kila kipande kinachopokea nguvu yake mpaka kwenye mhimili wa bawa, na namba kando ya kila kipande.